Kabla hujatuma makala: uzi kwa watafiti chipukizi wa Lamu na Malindi

MwanaMikoko (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naandika kwa vijana wetu wanaomaliza uzamili na uzamivu, hasa waliofanya utafiti Amu (yaani Lamu), Pate, Kiunga, Malindi na Watamu. Kila mwaka nawaona wakihangaika na jambo lile lile. Utafiti umekwisha na data ipo, lakini msimamizi anadai makala, chuo kinataka kuona yamechapishwa kabla ya mahafali, na mfukoni hamna kitu. Hapo ndipo mtu hufanya uamuzi mzito kwa dakika tano, kwenye simu, akiwa ndani ya boti ya Mokowe.

Msimamo wangu nausema mapema. Nguvu ya mtafiti chipukizi iko kabla ya kutuma. Ukishatuma, makala yamefungwa hapo mpaka jarida likujibu, kwani huruhusiwi kuyapeleka majarida mawili kwa wakati mmoja. Ukishasaini fomu ya hakimiliki, unabaki mtu wa kuomba. Basi kazi ya kulichagua jarida ihesabu kuwa sehemu ya utafiti wenyewe, uipe wiki zake kama ulivyowapa mikoko au magofu.

Nianze na barua pepe za kukualika uchapishe, ambazo yeyote mwenye tasnifu mtandaoni atazipata. Barua yenyewe inakuita profesa mashuhuri, na wewe umehitimu juzi. Inasifu makala yako bila kusema yanahusu nini, au inanakili kichwa chake kizima pamoja na kosa la chapa ulilolifanya mwenyewe. Jarida linajiita la kimataifa, na ukifungua toleo lake la karibuni unakuta uuguzi, uhandisi, dini na samaki vimepangwa pamoja. Mapitio, yaani wataalamu kuyakagua makala kabla hayajachapishwa, yameahidiwa kwa siku tatu. Ada haitajwi popote mpaka ukubaliwe, kisha inakuja ankara ya dola na muda mfupi wa kulipa. Hata kiwango cha athari (impact factor, kipimo cha jinsi makala ya jarida yanavyonukuliwa) wanachojisifia ukikichunguza unakuta kimetolewa na kampuni ambayo jina lake limefananishwa kwa makusudi na lile linalojulikana.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona mara moja, akautuma kwa majarida 304 yanayosomwa bure. Zaidi ya nusu waliukubali. Kinachoniuma ni hiki: waandishi wa kubuni aliwapa majina ya Kiafrika na taasisi za Kiafrika zisizokuwepo, na sababu aliyoitoa ni kwamba mhariri akiwatafuta mtandaoni asiwaone, hatashuku kitu. Yaani Mwafrika kutoonekana ni jambo la kawaida! Kwa hiyo kijana, fungua leo namba yako ya ORCID, yaani namba ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni. Ni bure, imekuwepo tangu 2012, ni tarakimu 16, na itabaki yako hata ukihama chuo, ukiolewa ukabadilisha jina, au ukiwa jina lako ni Fatma Ali au Mohamed Omar na wenzako wa jina hilo ni mamia.

Wala msidhani hatari iko kwa majarida madogo pekee. Hindawi ilikuwa kampuni yenye majarida mengi yaliyoheshimiwa. Wachapishaji wakubwa Wiley waliinunua 2021 kwa karibu dola milioni 300. Kufikia mwisho wa 2023, makala zaidi ya 8,000 yalikuwa yamefutwa, mengi yakiwa yamepitia matoleo maalumu yaliyovamiwa na magenge ya kutunga tafiti kwa malipo, na Wiley wakatangaza kuliacha jina hilo. Waandishi waaminifu waliokuwa humo wamebaki na jina la jarida ambalo kila mtu sasa analiuliza maswali. Ndiyo maana mwaliko wa "toleo maalumu" unaokuja ghafla kutoka kwa mhariri usiyemjua nautazama kwa macho mawili.

Mimi hufanya hivi. Nasoma makala matatu ya karibuni ya jarida hilo, nayasoma kweli. Kama mapitio yalifanyika utayaona: mbinu zimeelezwa, majedwali yanakubaliana na maandishi. Kisha namchagua mhariri mmoja kwenye orodha, nafungua ukurasa wake katika chuo chake, naangalia kama naye analitaja jarida hilo. Wapo watu waliowekwa kwenye orodha hizi bila habari. Halafu namwandikia mwandishi mmoja aliyechapisha hapo, mfupi tu: ulingoja muda gani, ulilipa nini, maoni ya wapitiaji yalikusaidia? Wengi hujibu. Baadaye ndipo naingia DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure iliyoanzishwa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Maswali ya Think. Check. Submit., kampeni iliyoanza 2015, nayo yanafaa kwa anayeanza. Ila DOI peke yake isikutulize. Ile ni anwani ya kudumu ya makala tu, haithibitishi kwamba yamepitiwa.

Sasa pesa. Majarida mengi makubwa yamehama kutoka kumtoza msomaji hadi kumtoza mwandishi. Jarida la Nature lilipotangaza ada yake Novemba 2020 ilikuwa dola 11,390, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Utaambiwa nchi maskini zinasamehewa. Ni kweli, lakini wachapishaji wengi hufuata orodha ya Benki ya Dunia, na Kenya ilipandishwa Julai 2015 ikawa nchi ya kipato cha kati cha chini. Katika kampuni nyingi hilo lina maana ya punguzo la nusu badala ya msamaha wote. Mwenzetu wa Kismayu, Somalia, kaskazini ya Kiunga, anasamehewa yote. Wewe uliye Faza unadaiwa nusu ya dola elfu tatu, na mshahara huna. Omba msamaha kamili hata hivyo, na uombe siku ya kutuma, kwa maandishi, kwani kampuni nyingi hazipokei ombi baada ya makala kukubaliwa. Umuulize na mkutubi wa chuo chako. Muungano wa maktaba za Kenya, KLISC, hushirikiana na EIFL, shirika la kimataifa la kusaidia maktaba, kupata mikataba inayowaondolea watafiti wetu ada kwa baadhi ya wachapishaji, na nimewaona wasomi wakilipa kitu ambacho maktaba yao ilishakipatia njia.

Na yapo majarida mazuri ya kwetu. Wa bahari watazame Western Indian Ocean Journal of Marine Science la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari cha Magharibi ya Bahari ya Hindi, makao yake Unguja, linatoka tangu 2002 na linasomwa bure. Wanaosoma hapo ndio hasa wanaoijua bahari yetu, kutoka hapa hadi Msumbiji na Madagaska.

Karibuni kwa maswali.

BintiShela

Kaka, umenigusa penye kidonda. Nilituma makala ya uzamili kuhusu maji ya visima na matuta ya mchanga ya Shela. Wamenikubali siku ya nne. Hakuna maoni ya mpitiaji hata mstari mmoja, ila ankara ya dola 350. Msimamizi wangu anasema nilipe tu niipate hati ya kuhitimu, mambo mengine baadaye. Sijalipa wala sijasaini kitu. Nifanyeje?

MwanaMikoko

Dada, pole, na usilipe. Tulia kwanza. Kutosaini kumekuokoa. Makala yako hayana tatizo, yana thamani kubwa mno kwa mji unaokunywa maji ya matuta yale. Nitarudi kwako na barua ya kuyaondoa. Kwa sasa hifadhi barua pepe zote na upige picha ya ukurasa wao wa ada ulivyo leo.

Maalim wa Kilifi

Nafundisha chuo kikuu kwa muda mrefu sasa. MwanaMikoko amesema vyema, lakini naomba tusimlaumu msimamizi wa binti huyu haraka. Kamati za kupandisha vyeo bado zinahesabu makala kwa idadi. Azimio la DORA la 2012 lilisema watafiti wapimwe kwa kazi yenyewe, si kwa kipimo cha jarida, na taasisi nyingi duniani zimelisaini, lakini fomu ninayojaza mimi kila mwaka bado ina visanduku vya kuhesabu. Mwanafunzi akichelewa muhula mmoja analipa karo ya muhula. Nani atamlipia?

Jambo la pili. Jarida zuri linaweza kukuweka mwaka mzima bila jibu. Subira hiyo ni rahisi kwa mwenye ajira.

MwanaMikoko

Maalim, shikamoo, na nashukuru umeingia. Hoja ya karo nimeikubali, ni mzigo wa kweli. Ndiyo maana nasema uchaguzi uanze mapema, mwanafunzi akiwa bado anakusanya data, si mwezi mmoja kabla ya mahafali. Na kuhusu kungoja, ipo njia ambayo wengi wetu huku Pwani hatuitumii: nakala tangulizi. Unaweka muswada wako hadharani kabla ya mapitio, unapata tarehe na DOI, watu wanausoma na kuunukuu wakati jarida linaendelea na mapitio yake. Wanafizikia wanafanya hivyo tangu arXiv ilipoanza 1991, wa biolojia wana bioRxiv tangu 2013, na AfricArXiv ilianzishwa 2018 kwa ajili ya tafiti za Afrika. Chuo kinaweza kisikuhesabie kama chapisho, lakini hakuna atakayesema matokeo hayo aliyapata yeye kwanza. Soma sera ya jarida unalolitaka kwanza. Mengi yanaruhusu, machache yanakataa.

Vivyo hivyo hata baada ya kukubaliwa. Wachapishaji wengi wanakuruhusu kuweka toleo lako la mwisho lililokubaliwa, lile la Word lisilo na mpangilio wao, katika hazina ya kidijitali ya chuo, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Haki hiyo mara nyingi imeandikwa ndani ya fomu ile ile tunayoisaini bila kuisoma. Huna haja ya kulipa ada ili kazi yako isomwe bure. Lihifadhi toleo hilo kama unavyohifadhi cheti.

MtuWaGede

Salaam kutoka Malindi. Mimi ni wa historia na mambo ya kale, na tangu Gede iingizwe kwenye Urithi wa Dunia 2024 wageni wa kila aina wanauliza maandishi kuhusu pale. Mengi mazuri yako nyuma ya malipo, na kijana wa Gede hawezi kuyafungua. Swali langu: je, ni upotevu kuandika kwa Kiswahili? Msimamizi ameniambia hakuna atakayeninukuu.

MwanaMikoko

Ndugu yangu, inategemea unamwandikia nani, lakini si upotevu hata kidogo. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam asili yake ni taarifa za kamati ya lugha zilizoanza kutoka 1930. Ni majarida machache ya Afrika Mashariki yenye umri huo. Kuna Kioo cha Lugha na Mulika hapo hapo, na Swahili Forum la Ujerumani ambalo unalisoma bila senti. Hizo ni za lugha, fasihi na utamaduni, na historia ya miji yetu ina nafasi humo. Kwa akiolojia tupu yenye vipimo vya mkaa na vigae, peleka kwa Kiingereza, lakini dai muhtasari wa Kiswahili uchapishwe pamoja na makala. Uliza tu. Baadhi ya wahariri wanakubali, na hauwagharimu kitu.

Na kwa watu wa historia nina ombi moja zaidi, wekeni nakala zaidi ya mahali pamoja. Hati za msikiti wa Riyadha hapa Amu zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa kumbukumbu zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza. Kazi nzuri sana. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa kimtandao, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Kama London yenyewe inaweza kuzimika, data yako isikae kwenye kompyuta ndogo moja inayopigwa na chumvi. Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tangu 2013, inapokea data na picha bure na kukupa DOI.

Nahodha2

Mimi si msomi. Ni mvuvi na nimo katika BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo. Mwanangu kanionyesha mazungumzo haya. Nataka kusema jambo. Wanakuja vijana na karatasi, wanatuuliza tunavua wapi, tunapata kilo ngapi, kamba wamepungua au la. Tunawapa chai, tunawapeleka mpaka mwambani. Wakiondoka ndio mwisho. Hatujui walichoandika. Wengine tumesikia wameandika kwamba sisi ndio tunaoharibu. Hayo makala mnayogombania yanasomwa na nani?

MwanaMikoko

Baba, shikamoo. Swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, na nalijibu kwa uzito wake.

Yanasomwa na watu wanaotoa maamuzi juu yenu, kwa hiyo nanyi mna haki ya kuyasoma. Mnakumbuka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kesi ya namna ile husimama kwa ushahidi: nani alivua wapi, mikoko ilikuwa kiasi gani, maji yalichafuka lini. Utafiti uliofungiwa nyuma ya malipo ya dola 40 haumsaidii mvuvi wala wakili wake. Na utafiti uliochapishwa na jarida tapeli unaangushwa na wakili wa upande wa pili kwa swali moja tu.

Kwa hiyo vijana, kabla ya kuondoka kisiwani, ahidini kurudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa matokeo, si wa nadharia. Usomwe barazani kamati ikiwepo, urekodiwe kwa sauti uende kwenye vikundi vya WhatsApp, na nakala iachwe maktaba ya Ngomeni, ndani ya ngome ya Amu. Fanyeni hivyo kabla ya kutuma makala. Watu wa Kizingitini watawasahihisha mahali ambapo hakuna mpitiaji wa Ulaya atakayepaona. Kwenye mikoko, kwa mfano, hesabu ya hapa ni korja, miti 20, na kila unene una jina lake, kuanzia fito na pau, kupanda mazio na boriti, mpaka nguzo na banaa. Ukichanganya pau na boriti jedwali lako lote limeharibika, na wa kwanza kuliona ni mkataji wa Mkunumbi.

Na jingine: maeneo kamili ya kuvulia msiyaweke kwenye data ya wazi. Mvuvi amekuonyesha mwamba wake kwa imani. Majina ya watu nayo yanalindwa na sheria ya data ya Kenya ya 2019.

Nahodha2

Hapo sawa. Na mkiandika pweza wamepungua, muandike na kusi ilikuwa kali mwaka huo. Wengi hawaandiki.

Mwanafunzi_Witu

Nauliza kuhusu akili unde. Kiingereza changu si kizuri na mpitiaji ameniandikia nitafute "mzungumzaji asilia". Nikitumia ChatGPT kunyoosha sentensi nitafukuzwa?

MwanaMikoko

Maneno hayo ya mpitiaji yameumiza wengi, pole. Majarida mengi sasa yanaruhusu kunyoosha lugha kwa programu hizo, mradi useme umefanya hivyo, na COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilieleza wazi 2023 kwamba akili unde haiwezi kuwa mwandishi kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Usiipe kazi ya kukutafutia marejeo. Inatunga vitabu na makala ambayo hayakuwahi kuandikwa, yenye majina ya watu wa kweli. Kila rejeo lifungue kwa mkono wako. Na usiipe istilahi za kwetu ikubadilishie. Watafiti Ulaya walionyesha 2021 jinsi makala yaliyopitishwa kwenye programu za kubadili maneno yanavyogeuza hata "akili unde" kuwa "fahamu bandia", na tangu hapo misemo ya namna hiyo hutumika kuyanasa makala ghushi. Mwandishi mwaminifu anaweza kunaswa pamoja nao.

Kama unapenda mtu wa kweli akusaidie, ipo AuthorAID, mpango ulioanzishwa 2007 na shirika la INASP kuwakutanisha watafiti wa nchi zetu na washauri bila malipo, na Nairobi kuna TCC Africa, wanafundisha uandishi wa kisayansi tangu 2006.

Maalim wa Kilifi

Naongeza: mpitiaji akikukosoa, mjibu hoja kwa hoja, kwa heshima, pamoja na zile unazozikataa. Mwanafunzi wangu mmoja aliombwa aondoe maelezo ya kaskazi na kusi. Akaandika aya mbili kueleza kwa nini msimu ndio unaoamua kila kitu hapa. Mhariri akampa haki yake. Na BintiShela, msimamizi wako akitaka, mwambie anitafute faraghani, nitazungumza naye. Kuna vyuo vinavyokubali barua ya mhariri kwamba makala yako katika mapitio.

BintiShela

Maalim, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimeamua kuyaondoa. Naomba ile barua.

MwanaMikoko

Hii hapa, iweke kwa Kiingereza chako mwenyewe, iwe fupi, usieleze sababu nyingi. Itume kwa mhariri na anwani zote zilizo kwenye tovuti yao, nakala kwa msimamizi:

"Kwa mhariri. Naondoa makala yangu yenye kichwa na namba iliyo hapo juu, kuanzia tarehe ya barua hii. Sijasaini fomu yoyote ya hakimiliki, sijalipa ada, na sikupokea maoni ya mpitiaji. Siruhusu makala haya yachapishwe mahali popote katika tovuti yenu. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi."

Wakidai ada ya kuondoa, usilipe. Wakikaa kimya, irudie baada ya wiki mbili. Wakiyachapisha kwa nguvu, waandikie tena, kisha mweleze mhariri wa jarida utakalolichagua ukweli wote na umwambatanishie barua hizi. Wengi wanaifahamu hali hiyo. Muswada utume kwangu faraghani. Sehemu ya chumvi kwenye visima vya Langoni nataka kuisoma kabla hatujaamua pa kuupeleka.